Alivyobisha Hodi Afande Sam

Mwaka ule wa tisini na tatu, mtu akipita nyuma ya nyumba yetu pale Mpumudde, mjini Jinja, aliikuta kamba yetu ya nguo imejaa karatasi. Hazikuwa karatasi za dukani. Zilikuwa za mifuko ya saruji, zile za kahawia, nilizopewa na fundi aliyekuwa akimjengea jirani choo. Nilizikung'uta vumbi, nikazipangusa kwa kitambaa chenye unyevu, nikazikata kwa kisu cha jikoni. Mjukuu wangu Gorreti aliziandika kwa penseli iliyochongwa kwa wembe, hii maneno matatu, ile imejaa pande zote mbili, kisha akazibana kambani kwa vibanio katikati ya mashuka. Halafu anatembea. Anatoka kwenye nguzo hadi kwenye mpapai, anarudi, vidole vinapigapiga pajani, na mdomoni mwake wanazungumza watu wawili watatu, kila mmoja kwa sauti yake. Akifika penye karatasi isiyomridhisha, anaichomoa na kuihamisha.

"Mama Douglas!" jirani yangu Nusifa aliniita siku moja kutoka upande wa pili wa ua, mikono imejaa unga wa sambusa. "Leo mmefua nini? Saruji?"

"Tumefua maneno."

"Basi yaanueni, mvua hiyo inatoka ziwani. Maneno yakilowa hayapigwi pasi."

Gorreti alikuwa na miaka kumi na minane. Nilimlea tangu alipoachishwa kunyonya, maana baba yake, mwanangu Douglas, alikuwa dereva wa malori, leo yuko Mombasa, kesho yuko Arua, na mama yake aliolewa kwingine. Mtoto alichelewa kusema. Na aliposema, alisema maneno ya watu. Marehemu mume wangu, Sam, alikuwa askari jela, mtu wa kaskazini, mrefu wa kuinama mlangoni, na desturi yake ilikuwa kuingia akinguruma: "Mama Douglas, chakula kiko wapi? Nimesimama tangu alfajiri!" Siku moja nikaisikia sauti hiyo mlangoni, nikapakua ugali wa wimbi, nikamimina mchuzi wa karanga, nikageuka na sahani mkononi. Sam hayupo. Ni Gorreti, mwenye miaka minne, ananitazama sikio. Machoni hamtazami mtu mpaka leo. Sam aliposimuliwa alicheka hadi akakaa chini.

"Huyu ni redio isiyotaka betri," akasema.

Ukimuuliza Gorreti habari za mtu fulani, atanyamaza. Lakini muulize mtu huyo alisemaje, atakupa sauti yake, kikohozi chake na namna anavyovuta pua. Kiti hakikumweka. Sokoni aliziba masikio kwa viganja, hata nikawa namtilia pamba kabla ya kutoka nyumbani. Siku hizi mkwe wangu, ambaye ni mwuguzi, anasema wako watu ambao ubongo wao umepangwa kwa namna ya peke yake, wala si wagonjwa wala si wajinga, na kwamba jambo hilo lina jina. Jina lenyewe nimelisahau. Wakati ule majina tuliyokuwa nayo ni yale ya watoto wa shule: kichwa maji, redio mbovu, mtu wa mwezini.

Shuleni mwalimu mmoja aliwapa insha, waandike siku wasiyoisahau. Gorreti aliandika kurasa tano, nyingi zikiwa habari za kifuniko cha sufuria kilichoanguka jikoni siku babu yake alipokufa, namna kilivyozunguka, kilivyolia, nani alisema nini kilipokuwa bado kinazunguka. Kifo chenyewe kilikuwa katika mstari wa mwisho. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa akiibana pua, watoto wakicheka, kisha akamwambia: "Mwandishi anajua aanzie wapi. Wewe hujui." Mtoto alirudi nyumbani, akachukua kila alichowahi kuandika, akakitia kwenye sigiri, lile jiko letu la makaa, ukurasa kwa ukurasa. Mimi nilikuwa nimeteleka chai. Iliyochemka siku hiyo sikuweza kuinywa.

Akakaa karibu miaka mitatu bila kushika penseli. Siku moja naanika nguo, naye ananifuata, ananisimulia ugomvi aliousikia kwenye bomba la maji, na kila mtu anapoingia katika ugomvi yeye anabana kibanio kambani. Huyu hapa, yule pale. Nikaona kwamba meza ndiyo iliyokuwa ikimshinda. Nilikwenda kwa yule fundi wa choo nikamwomba mifuko.

"Lakini mimi si mwandishi, Kukhu," aliniambia. Kukhu ndivyo sisi Wamasaba tunavyomwita bibi. "Nahangaika tu."

"Hangaika," nikasema. "Kamba ni yako mpaka siku ya kufua."

Sasa palikuwa na Geresom. Huyu naye alikuwa askari jela, kijana mwenye cheo kidogo na masharubu makubwa, na ndiye aliyeongoza kikundi cha maigizo cha familia za magereza. Nusifa hakuwa familia ya magereza, ila walimchukua kwa sababu ya sauti. Sauti ile ilivuka ziwa. Shida yao ni kwamba walikuwa na igizo moja tu, la mlevi anayekufa. Walilicheza mpaka watu wakalijua, mlevi akipepesuka watazamaji wanamwambia, "Bado, bado, anguka sasa!" Geresom alipoalikwa kwenda Nakaloke, kaskazini ya Mbale, kwenye sherehe ya ukumbi mpya, alikuja kwangu amevua kofia.

"Mama, nimesikia huyu binti ana hadithi."

"Ziko kambani," nikamwambia. "Anzia kwenye nguzo."

Alisoma akitembea, mikono nyuma kama anakagua gwaride, na Gorreti alijificha nyuma ya mpapai ambao haukumficha hata bega.

Igizo lenyewe lilikuwa la nyumbani kwetu. Mwaka wa sabini na nane, jeshi likiwa bado linatawala, Sam alihamishiwa Mbale. Nyumba za kazi zilikuwa zimejaa, tukapanga chumba Nakaloke. Usiku mmoja uchungu wa kuzaa ukanishika kabla ya wakati. Sam akatoka mbio kutafuta mkunga. Lugha ya pale hakuijua. Alichokuwa nacho ni Kiswahili cha kambini, na kambini kuomba na kuamuru ni kitu kimoja. Akaenda mlango hadi mlango, na sare yake na buti zake, anagonga kwa ngumi: "Fungua! Nasema fungua! Toka nje, haraka!" Miaka ile nani angefungua? Taa zilizimwa, watu wakaingia mvunguni. Aliporudi peke yake, binti yangu Annah alikuwa amekwisha kuja, kitovu nimekikata mwenyewe. Tangu hapo Sam aliisimulia habari hiyo kila Krismasi, akigonga meza hadi vikombe vinaruka, akijicheka, watoto wote wakicheka. Ila mwishoni sauti ilimshuka. Alisema kwenye mlango wa mwisho alikiegemeza kichwa chake, akasema polepole, "Mama, mke wangu anazaa. Mimi ni mtu tu."

Gorreti aliisikia miaka yote akiwa chini ya meza. Sasa alikuwa ameiandika, lakini kutoka ndani ya nyumba moja iliyofungwa: mume amepanda darini, mke amemfunika kuku kwa karai na kulikalia, wanabishana kwa kunong'ona nani afe kwanza. Na mwanzo wake ulikuwa ngumi mlangoni, nyuma ya watazamaji, bila mtu kuwaambia lolote.

Geresom alipofika kwa kuku alicheka hadi akashika kamba. Alipomaliza akakuna sharubu.

"Ni nzuri. Lakini mwanzo wake uko wapi?"

"Ndio huo," Gorreti akauambia mpapai.

"Huo si mwanzo, dada, huo ni uvamizi! Watu wa Nakaloke wakisikia Kiswahili cha namna hiyo migongoni mwao watabomoa ukuta. Tena ukumbi mpya. Tutaweka mtu wa kueleza kwanza. Halafu afande aingie kwa mbele, apige hodi kistaarabu, aseme, samahani ndugu zangu, naomba msaada. Na mwisho tuweke funzo. Igizo bila funzo ni kama chai bila sukari."

"Babu hakusema samahani," Gorreti akasema.

"Babu yako hakuwa jukwaani."

Nilimsubiri abishe. Alipigapiga paja, akatazama karatasi zake kutoka mwisho huu hadi ule, kisha akaanza kuzichomoa mwenyewe na kumpa Geresom moja moja.

"Afande amesoma," aliniambia baadaye, tukichambua maharage. "Yeye anajua zianzie wapi. Kukhu, Nakaloke ikipita, karatasi zilizobaki tuwashie moto. Nitakwenda Wanyange kule ziwani, wanatafuta watu wa kuanika dagaa. Dagaa hawana mwanzo."

Nilichambua maharage. Mtu akisema neno kama hilo, ukimjibu upesi unalipigilia msumari. Lakini moyoni niliona wazi kwamba penseli ikianguka mara hii, mimi sitakuwa na umri wa kuisubiri tena.

Tulisafiri kwa pikapu ya Geresom, wanawake juu ya magunia, Nusifa akiimba hadi Iganga. Ninayakumbuka mashamba ya mpunga, maji yaking'aa pande zote mbili, na ndege weupe wamesimama kama wanaongoja kuitwa. Kisha mlima Wanale ukajitokeza juu ya Mbale na ule ukuta wake wa mawe. Mimi nilizaliwa chini ya mlima ule. Mjini tulikula malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, katika mchuzi wa karanga. Jinja utayanunua, lakini ule moshi hauji nayo. Gorreti hakula. Alikuwa na pamba masikioni na kitambaa juu ya pamba.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Ilikuwa siku ya soko, basi watu waliingia na vikapu vyao, na mmoja na mbuzi wake. Mabati ya paa yalikuwa mapya hivi kwamba yalilia kwa joto, na mlango wa nyuma ulikuwa wa bati vilevile. Mwenyekiti wa pale, Magidu, mwanamume mnene mwenye kanzu safi, aliketi mbele nyuma ya meza yenye kitambaa cha maua. Mimi na Gorreti tulikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, ili kelele zikimzidi atoke.

Geresom alipanda jukwaani kueleza. Alieleza. Alieleza habari za amani, na usafi, na umuhimu wa wakunga, na nani ataigiza nani. Watu wakaanza kuulizana bei ya vitunguu. Mwuza karanga akapita mistari yote akarudi. Hatimaye Nusifa na mwenzake wakaingia, wakajifungia ndani ya nyumba ya mikeka, na askari mmoja, Asuman, mtu mpole kuliko wote magereza, akaja na sare yake kutoka upande wa mbele na kugonga meza kwa kidole.

"Ko, ko, ko. Samahani ndugu zangu. Naomba msaada."

"Karibu chai!" kijana mmoja akapaza sauti, na ukumbi mzima ukacheka. Kilikuwa kicheko kile cha igizo la mlevi. Mbuzi naye akalia, wakacheka zaidi.

Gorreti alianza kuyumba, mbele na nyuma, mbele na nyuma. "Sivyo," akawa anasema chini chini. "Sivyo. Sivyo. Bora dagaa. Sivyo."

Nilimwinamia, nikasogeza ile pamba. Sijui kama nilikusudia kilichofuata. Najua nilichouliza.

"Babu yako alibishaje?"

Alisimama. Akageukia ule mlango wa bati, akaupiga kwa ngumi zote mbili, na paa likajibu.

"FUNGUA! Nasema fungua! Toka nje! Toka nje, haraka!"

Ilikuwa sauti ya Sam. Si mfano wa sauti ya Sam. Ilikuwa yeye, na ule mkwaruzo wa tumbaku, miaka mitano tangu tumzike. Mimi mwenyewe mikono iliniinuka kupakua chakula.

Na Nakaloke yote ikaenda chini. Sijapata kuona watu wengi hivyo wakilala sakafuni kwa pumzi moja bila mtu kumkanyaga mwenzake. Walikuwa wanajua. Hata vijana walilala, wakifuata mama zao. Mwanamume mmoja alitoka dirishani na kiti chake. Kitambaa cha maua kikatikisika, nikaona kanzu safi inaingia chini ya meza. Geresom alibaki amesimama kando ya jukwaa, amejishika kichwa, mdomo wazi.

Aliyetuokoa ni Nusifa. Yeye alikuwa amezisikia karatasi zile juu ya ua kila siku ya Mungu, kabla hazijarekebishwa. Akajitupa juu ya karai, kuku akapiga kelele humo ndani, naye akanong'ona kwa ile sauti yake ya kuvuka ziwa:

"Baba nanii! Shuka darini! Wamekuja kukuchukua!"

"Kwa nini mimi? Mwambie sipo!" yule wa darini akajibu, naye amekumbuka.

"Nimwambie mimi? Nani kakuoa wewe, mimi au kuku?"

Sakafuni, mahali fulani, mtu akacheka puani. Halafu mwingine. Hawakuinuka, ila vichwa viligeuka kutazama jukwaani, mashavu bado yako kwenye saruji. Kila Gorreti alipogonga vichwa vilizama, kila Nusifa alipojibu vilichomoza. Wanalia, wanacheka, siwezi kueleza. Mama mmoja karibu yangu alikuwa anajifuta machozi kwa mkia wa kuku aliyemnunua.

Kisha kugonga kukakoma. Gorreti aliweka paji la uso wake kwenye bati la moto. Ile sauti kubwa ikashuka, ikawa ndogo, na kila mtu aliisikia.

"Mama. Mke wangu anazaa. Mimi ni mtu tu."

Nusifa alikuwa na maneno ya kujibu hapo. Hakuwahi kuyasema. Katikati ya ukumbi bibi mmoja mwembamba, mwenye mtandio wa kijani, alijiinua kwa magoti.

"Ngoja, mwanangu!" akaita, akihangaika na leso yake kiunoni. "Usiende! Ngoja nijifunge, nakuja!"

Alikuwa amefika karibu na mlango ndipo akaona kwamba mbele yake amesimama msichana mwenye kitambaa kichwani.

Watu wakainuka mmoja mmoja, wakijipangusa. Magidu alitoka chini ya meza, na kofia yake haikutoka naye.

"Nani," akafoka, "nani ametuletea mambo haya? Nani mwenye maneno haya?"

Geresom alishuka mbio. "Mheshimiwa, samahani sana. Ni bahati mbaya. Huyu binti, unajua, hayuko sawasawa. Haikuandikwa hivi."

"Iliandikwa hivi," Gorreti akasema.

Alikuwa bado anauangalia mlango, viganja viko masikioni, anapigapiga mguu. Nilitaka kumshika nikajizuia, hapendi kushikwa.

"Hivi hivi?" Magidu akauliza. "Na kutulaza chini kuliandikwa?"

"Ngumi iliandikwa. Kulala ni ninyi."

Mtu akaguna. Nikaona masharubu ya Geresom yanachezacheza, hajui acheke au alie.

"Nauliza nani aliandika," Magidu akasema tena, ila sauti yake ilikuwa imeanza kupoa.

Tangu siku ile ya sigiri, nilikuwa nimesikia jibu la swali hilo mara nyingi: si mimi, nahangaika tu, muulize Kukhu. Nilimsubiri. Alishusha viganja kutoka masikioni, akatazama paa.

"Ni mimi. Mimi ndiye mwandishi." Halafu akageukia jukwaani. "Na wewe Mama Nusifa umeruka maneno. Kabla ya kuoa kuna 'mwanamume wewe'. Hapo ndipo wanapovuta pumzi."

Nusifa, bado kakalia karai, alipiga kofi. "Wallahi, leo nimepata afande!" Na kicheko kilichopanda safari hii kilitikisa yale mabati kuliko ngumi. Magidu naye alicheka, akashika tumbo, akatuma mtu akamtafute yule aliyetoka dirishani na kiti, wamwambie arudi, inaanza upya, na safari hii asiweko wa kueleza. Geresom alikuna sharubu. Kisha akaenda kwa Asuman, akamwonyesha mlango wa nyuma. "Wewe utatokea kule," akasema. "Muulize dada namna ya kupiga."

Yule bibi mwenye mtandio wa kijani hakurudi mahali pake. Jina lake lilikuwa Kulusumu, na alikuwa mkunga wa pale, amezalisha nusu ya waliolala sakafuni. Aliketi kwenye benchi letu, goti kwa goti na Gorreti.

"Iligongwa milango mingi miaka ile," akasema. "Sijui wenu ulikuwa upi. Mimi nilikuwa na mlango wangu, na usiku mmoja uligongwa hivyo hivyo, nikamziba mwanangu mdomo mpaka hatua zikaondoka. Nimekaa nayo. Sijawahi kumwambia mtu."

Mimi nilikuwa nimeanza kutafuta neno la kumfariji. Gorreti alikuwa ametoa penseli nyuma ya sikio, anatazama huku na huku kutafuta karatasi. Akaona mfuko wa karanga uliokwisha, akaupasua, akaunyoosha gotini.

"Mlango," akasema, "ulikuwa wa bati au wa mbao?"